Nani Atacheza Beki wa Kushoto? Juu ya Kupima Nguvu ya Kikosi

Mhadhara wa umma, Chinsapo, Lilongwe



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja humu ndani anajiona ana haki ya kulisemea, na haki hiyo anayo kweli. Ukikaa kwa kinyozi yeyote wa mtaa huu msimu wa usajili, hutamaliza kunyolewa kabla hujasikia mtu akisema kwamba timu yake mwaka huu imesheheni. Huanza kuhesabu kwa vidole: kipa yule, viungo wale wawili, namba tisa aliyetoka kusajiliwa juzi. Mwenzake humjibu kwa vidole vyake. Majina yakiisha, mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na ushindi.

Mimi nayaheshimu mabishano hayo. Yamewafundisha vijana wetu kujenga hoja kuliko madarasa mengi. Lakini yana kasoro moja ya msingi, na hiyo ndiyo nimekuja kuisema leo. Tunapohesabu majina, tunamhesabu kila mchezaji akiwa mzima, ameshiba, amelipwa, ana karatasi zake mfukoni, na tunampanga katika mechi ambayo hakuna anayeumia dakika ya kumi na mbili. Mechi hiyo haipo. Kikosi halisi ni kile kinachobaki baada ya makato, na mwenye kutaka kujua nguvu ya timu aanze kwa kuuliza nani atacheza beki wa kushoto siku ambayo beki wa kushoto hayupo.

Hebu tuanzie mbali kidogo, kwa mchezo ambao wengi wenu hamuuchezi. Besiboli ndiyo iliyolichimba swali hili kuliko mchezo mwingine wowote. Timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, kwa hiyo aliye benchi leo kesho atahitajika tu. Tena kila mrushaji anapomkabili mpigaji, hilo ni pambano la watu wawili, na matokeo yake yanaandikika daftarini. Baada ya msimu wa 2001, timu ya Oakland Athletics iliwapoteza Jason Giambi, Johnny Damon na Jason Isringhausen, ambao walifuata fedha kwenye timu nyingine. Kwa hesabu ya vidole, Oakland ilikuwa imekwisha. Meneja mkuu wake, Billy Beane, akamchukua Scott Hatteberg, mdakaji ambaye kiwiko chake kiliharibika mishipa ya fahamu na hakuweza tena kurusha mpira ipasavyo, akamhamishia ulinzi wa kituo cha kwanza. Msimu wa 2002 Oakland ilishinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo, na katika ile ya ishirini ni Hatteberg huyo huyo aliyepiga pigo la ushindi. New York Yankees nao walishinda 103 mwaka huo, lakini mishahara yao ilikuwa takriban mara tatu ya ile ya Oakland.

Hadithi hiyo imesimuliwa duniani kote, na mara nyingi imesimuliwa nusu. Oakland ilikuwa na warushaji watatu wa daraja la juu, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, na Zito ndiye aliyepata tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao mwaka ule. Ilikuwa na Miguel Tejada, mchezaji bora wa ligi. Kwa hiyo msimwache mtu awaambie kwamba majina makubwa hayana kazi. Yana kazi kubwa sana. Swali ni nini kinachowazunguka wenye majina, na nani anaziba pengo wakiondoka.

Sasa tusogee karibu na kwetu, bado katika besiboli. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Kutno, Poland, wakapata nafasi ya kwenda fainali za dunia za watoto, Williamsport, Marekani. Uwanjani walikuwa wameshamaliza kazi. Hawakwenda. Walinyimwa viza kwa sababu nyaraka za umri na kuzaliwa hazikuwiana, na timu waliyoifunga, ya Dhahran, Saudi Arabia, ndiyo iliyosafiri badala yao. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifuzu, wakapata viza, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali hizo, na hawakurudi mikono mitupu: waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Nawaomba mkae na mfano huu, kwa sababu mtaukuta tena nitakapofika kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Tofauti kati ya timu ya 2011 iliyobaki nyumbani na ya 2012 iliyosafiri haikuwa katika mikono ya warushaji wala macho ya wapigaji. Ilikuwa katika faili. Katibu wa timu aliyehifadhi vyeti vya kuzaliwa vizuri ni sehemu ya kikosi, na bado sijamsikia mtu kwa kinyozi akimhesabu.

Turudi kwenye soka, na turudi Malawi. Tarehe 11 Januari 2010, mjini Luanda, Flames, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Kinnah Phiri, iliifunga Algeria 3 kwa 0 katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Wafungaji walikuwa Russel Mwafulirwa, Elvis Kafoteka na Davi Banda. Algeria ile ilikuwa njiani kwenda Kombe la Dunia mwaka huo huo. Siku tatu baadaye Malawi ikafungwa na Angola 2 kwa 0, na tarehe 18 ikafungwa na Mali 3 kwa 1, ikarudi nyumbani. Algeria ikasonga mbele hadi nusu fainali. Ni kikosi kipi kilikuwa na nguvu zaidi? Nitawajibu kama ninavyoamini: kwa kumi na mmoja wa mchana ule, Malawi. Kwa mechi tatu ndani ya siku nane, Algeria. Watu wawili wanaweza kugombana mwaka mzima juu ya timu hizi na wote wakawa sahihi, kwa sababu mmoja anapima siku moja na mwingine anapima wiki. Kabla hamjabishana, semeni kwanza mnapima nini.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jirani zetu wa Zambia, na nitakaa nao kidogo.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walifariki, 18 kati yao wachezaji. Kalusha Bwalya alikuwa Ulaya katika klabu yake na hakupanda ndege ile. Hakuna kikosi duniani kinachopangwa kwa kukatwa namna hiyo. Zambia ikaita wengine, ikamweka Kalusha kuwa nahodha, na Aprili 1994 timu hiyo iliyoundwa upya ilicheza fainali ya Afrika mjini Tunis, ikatangulia kufunga, ikashindwa na Nigeria 2 kwa 1. Haikutwaa kombe. Ila mimi ninapoulizwa ni timu gani imewahi kuonyesha kina cha soka ya nchi nzima, naitaja hiyo kabla ya mabingwa wengi. Vijana wale walikuwapo siku zote, katika ligi ya nyumbani na kwenye viwanja vya miji ya migodi, na hakuna shabiki aliyekuwa amewahesabu.

Halafu ikaja tarehe 12 Februari 2012, fainali, Libreville hiyo hiyo. Upande mmoja Ivory Coast: Didier Drogba, Yaya Touré, Kolo Touré, Gervinho. Walifika fainali bila kufungwa hata bao moja. Upande wa pili Zambia ya Hervé Renard, ambayo nguzo zake kadhaa, akina Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, walikuwa wakichezea TP Mazembe ya Lubumbashi. Ninyi mliotoka Katanga mnawafahamu vizuri kuliko mimi. Kwa vidole, mjadala ulikuwa umekwisha kabla mpira haujaanza.

Dakika ya kumi na mbili tu, Joseph Musonda, beki wa kushoto wa Zambia, akaumia, akatoka akilia. Akaingia Nyambe Mulenga. Mtu aliyekuwa amekaa benchi akaingia fainali ya Afrika kipindi cha kwanza hakijafika hata robo saa, na kwa zaidi ya dakika mia moja zilizobaki, pamoja na nyongeza, ngome ile haikuvunjika. Drogba alikosa penalti katika kipindi cha pili. Dakika 120 zikaisha bila bao. Kwenye mikwaju, kipa Kennedy Mweene alipiga wa kwake akafunga. Felix Katongo, aliyeingia akitokea benchi, akafunga. Kolo Touré akakosa, Kalaba akakosa, Gervinho akakosa, na Sunzu akamaliza: 8 kwa 7. Baada ya hapo Renard alimbeba Musonda mikononi akampeleka kwa wenzake wakasherehekee pamoja. Ivory Coast iliondoka kwenye mashindano yale bila kufungwa bao hata moja katika muda wa mchezo, na bila kombe.

Sisemi kwamba Zambia ilikuwa na wachezaji bora kuliko Ivory Coast. Haikuwa nao. Nasema kwamba aliyepima kwa kumi na mmoja wa kwanza hakupima kitu ambacho usiku ule kilihitajika: beki wa akiba, kipa anayeweza kupiga penalti, na watu tisa waliokuwa tayari kuusogelea mpira bila miguu kutetemeka.

Kuna kato jingine ambalo halionekani kwenye karatasi ya kikosi, nalo Wakongo mnalijua kwa uchungu. Machi 1974, Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika mjini Cairo. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo imedumu miongo mingi. Juni mwaka huo huo, huko Gelsenkirchen, Yugoslavia iliifunga Zaire 9 kwa 0. Miezi mitatu tu, karibu wachezaji wale wale. Kilichotokea katikati wachezaji wenyewe walikisimulia baadaye: fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na walikaribia kugoma kuingia uwanjani. Mabao yalipofika matatu, kipa Kazadi Mwamba akatolewa dakika ya 21, na punde Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Dunia ikacheka, na hadi leo wapo wanaoutaja mchezo ule kama ushahidi kwamba Mwafrika hakuwa amekomaa kisoka. Huo ni uonevu. Wachezaji walewale waliokuwa bora barani mwezi Machi hawakusahau mpira ifikapo Juni. Mchezaji aliyeibiwa stahiki yake hayupo uwanjani, hata kama jezi yake ipo.

Sasa Dzaleka. Mahali pale palikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Pamepangwa kwa watu elfu kumi na kidogo, na leo wanazidi 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia, Wasomali. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao uwanjani. Anayepita pale jioni na kuona mpira unavyochezwa atasema kambi hii ingeweza kutoa timu kadhaa za ushindani, na kwa hesabu ya vidole atakuwa amesema kweli.

Hebu tuanze makato. Mkimbizi anatakiwa kuishi kambini, na kutoka kunahitaji kibali. Mechi ya ugenini Jumamosi huanza ofisini siku kadhaa kabla. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na Mei wengi wakahamishwa kutoka hapa Lilongwe. Timu yoyote iliyokuwa na wachezaji pande zote mbili ilikatika katikati. Mgao wa chakula nao umepunguzwa mara kadhaa, na kijana aliyekula mara moja jana hatakimbia dakika ya 80 kama alivyokimbia ya 10, hata awe na kipaji gani. Kisha kuna kato lenye furaha na majonzi kwa pamoja: kiungo wako bora anaitwa, familia yake imekubaliwa kwenda Kanada au Australia. Unamkumbatia, unamwombea heri, na Jumamosi inayofuata huna kiungo.

Kwa sababu hiyo, kocha wa kambini anayeifikisha timu mwisho wa msimu ikiwa bado inacheza kwa mpangilio anastahili heshima ambayo jedwali la ligi halimpi. Yeye hujenga kikosi akijua kwamba kitaondoka.

Makocha, naomba kila timu iwe na daftari. Andikeni nani alicheza nafasi ipi, dakika ngapi, nani alimrithi, na mwingizeni mchezaji wa akiba wakati mnaongoza, msimngoje hadi mtu aumie. Makatibu, tunzeni kadi na vyeti. Kumbukeni Kampala 2011. Wasimamizi wa ligi za kanda, ratiba zikitolewa mapema, kibali hupatikana mapema, na mchezaji hufika. Na ninyi viongozi wa klabu za Lilongwe mliokuja hapa: mnapokwenda Dzaleka kutafuta vipaji, nyote mnamtafuta mfungaji. Safari ijayo muulizeni kocha wa pale jina la beki wake wa kushoto, na la yule anayekaa nyuma yake.