Kupima Thamani ya Picha Kuukuu ya Dhihaka

Maneno yangu ya leo ni juu ya picha kuukuu zilizopigwa chapa, zenye kumchora mtu kwa mzaha, kichwa kikubwa na miguu myembamba, ndizo ziitwazo katuni. Picha za namna hii huonekana mara nyingine mnadani, zimo ndani ya fremu na kioo, na mwuzaji hutaja bei kwa kuitazama fremu.

Tuweke mfano hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, inapoanza njia ya Matombo na Kisaki. Mjane mmoja ana picha ya Henry Morton Stanley, iliyoachwa na marehemu mumewe, naye ataka kuiuza apate fedha za shule ya mtoto. Mchuuzi amempa bei ya mbao na kioo tu. Je, akubali?

Yafaa kwanza ajue ni picha gani. Huko London palikuwa na gazeti la kila juma, Vanity Fair, lililoanzishwa mwaka 1868. Tangu 1869 hata 1914 lilitoa picha za rangi za watu mashuhuri, waliochorwa kwa dhihaka ya upole. Ya Stanley ilitoka tarehe 2 Novemba 1872. Mwaka mmoja kabla yake, 1871, katika masika, mtu huyo alipita papa hapa akimtafuta Livingstone, akauona mji wa Simbamwenni wenye kuta za mawe, uliotawaliwa na binti wa Kisabengo. Kwa hiyo picha hii ina maana Morogoro kuliko picha ya waziri fulani wa Uingereza, na mtu anayekusanya mambo ya kale ya nchi hii aweza kuilipia zaidi. Walakini mjane asitazamie utajiri. Nakala zilipigwa nyingi, na nyingi zimehifadhiwa.

Sasa aifungue fremu kwa nyuma, polepole, juu ya meza kavu. Picha hizo zilipigwa chapa kwa jiwe la chokaa. Fundi huchora juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, kisha hulilowesha maji, na wino wa chapa hushika palipo na mafuta tu. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Basi ukitazama kwa kioo cha kukuza, utaona vitone visivyo sawa, kama punje za mchanga. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, au kwa duara duara, hiyo ni nakala ya siku hizi, hata kama karatasi imefanywa ya manjano kwa chai. (Wako wafanyao hivyo, nao hawaoni haya.) Atazame pia nyuma ya karatasi. Ile ya Vanity Fair huwa tupu, kwa kuwa habari za mtu zilipigwa chapa katika karatasi nyingine. Picha za gazeti la Punch, zilizokuwa nyeusi tupu, mara nyingi zina maandishi nyuma. Zikiwa na rangi, huenda rangi hiyo ilitiwa baadaye kwa mkono.

Hali ya karatasi ndiyo ipunguzayo bei zaidi. Jua hufifisha rangi. Unyevu wa masika huleta ukungu na madoa ya rangi ya kutu. Ubao mbaya wa nyuma huikausha karatasi ikawa kahawia. Mtengeneza fremu aliyekata kingo ili picha itoshe ameondoa tarehe na jina la gazeti, na mwenye kuibandika kwa gundi ameharibu zaidi ya wadudu. Picha isioshwe, wala isisuguliwe.

Mwisho wa kazi hiyo, mjane aulize bei zilizolipwa kweli kwa picha kama yake, si zile zinazotajwa na wenye maduka. Vitone vikiwa vimepangwa safu, mchuuzi hakumdhulumu, na apokee fedha yake. Vikiwa kama mchanga, na kingo zi nzima, amrudishie mchuuzi salamu zake, airudishe picha ndani ya fremu, aitundike mbali na dirisha, na angoje mnunuzi mwingine.