Hotuba juu ya Shinikizo la Damu

(Ilisomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nitasema machache juu ya ugonjwa ambao wengi huuita presha. Yatupasa tuujue, kwani sisi makarani tu watu wa kuketi mchana kutwa.

Moyo husukuma damu, na damu nayo husukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo. Daktari huiandika kwa hesabu mbili: ya juu, moyo unapojikaza, ya chini, moyo unapolegea. Hesabu ya juu ikifika 140, au ya chini 90, katika siku mbili mbalimbali, basi shinikizo limezidi.

Hatari yake ni kwamba haliumi. Mtu hula, hulala na kucheka, kumbe mishipa yake yaharibika. Kikulacho ki nguoni mwako. Hatima yake ni kiharusi, au moyo kushindwa, au mafigo kufa.

Mtazameni Bwana Roosevelt, Rais wa Marekani. Mnamo Machi 1944 Daktari Bruenn alimpima akaona 186 kwa 108. Zama zile hapakuwa na dawa ya kulishinda shinikizo. Alipunguziwa chumvi na kazi. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa chamwuma mno, damu ikamwagika katika ubongo, akafa siku ile ile, naye ana miaka 63. Huyo alikuwa mkubwa wa dunia, madaktari wakimzunguka, akakosa vidonge ambavyo leo karani hupewa.

Lakini wako wenzetu wapatao vidonge hivyo, na baada ya miezi miwili husema, "Nimepona," wakaviacha. Hawakupona, vidonge ndivyo vilivyolizuia shinikizo, na vikiachwa hurudi. Wengine huogopa hata kupimwa, wasije wakadhaniwa hawaifai kazi. Nawauliza: je, aliyepooza upande mmoja ataifaa? Tena haanguki peke yake: ada za watoto, kodi ya nyumba, na wazee walioko shamba huanguka pamoja naye.

Mambo ya kushika si mengi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na ng'onda. Tutembee kwa haraka nusu saa, siku tano za juma. Tuache tumbako, tupunguze pombe na unene. Aliyepewa dawa asiiache ila kwa amri ya daktari.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali shauri hili: kila mwanachama awe amepimwa kabla ya mkutano ujao. Kazi yake ni kuketi kimya dakika tano, mkono juu ya meza, bila kuvuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Kuketi, mabwana, twakujua sana.