Nasaha kwa Vijana Wanaojiandaa kwa Utabibu Marekani



Vijana wetu walioko Marekani wametuuliza: je, anayejiandaa kusomea utabibu ahame chuo kikuu cha umma alichomo, aende kingine chenye jina kubwa zaidi?

Twawajibu kwa uwazi. Nchini humo mtu huingia chuo cha udaktari baada ya shahada ya kwanza na mtihani wa MCAT. Alama dhaifu za chuo cha awali hazifutiki kwa kuhama, zote huhesabiwa. Tena vyuo vingi vya udaktari vya umma huwatanguliza wakazi wa jimbo. Huko Texas, katika vyuo vingi vya umma, angalau asilimia 90 ya nafasi ni zao. Atokaye jimbo jingine hutozwa ada kubwa zaidi, na wengi huangukia mikopo ya riba.

Basi anayekosa masomo ya lazima au mwongozo wa walimu, na ahame. Anayetafuta fahari tu, na abaki, ainue alama zake. Ashauriane na wazazi, aswali istikhara, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Umma wahitaji matabibu waaminifu, wasiofungwa na madeni.

Wabillahi tawfiq.