Bustani Ndogo Mlangoni

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mimi ni mtu wa Wasini, na kazi yangu ni ya reli kama mjuavyo. Kwetu ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Mto hatuna, maji ya mvua ndiyo hukingwa katika jabia. Mboga za sokoni huvuka kwa mashua kutoka Shimoni, na nauli yake humwangukia mlaji.

Marehemu mama yangu alikuwa na madebe sita tu. Aliyatoboa chini, akatia kokoto, kisha udongo na samadi ya mbuzi. Bamia aliziweka nyuma, maana hurefuka, mchicha mbele, pilipili kando ya mlango. Madebe aliyapaka chokaa, hata wageni wakadhani ni maua. Alimwagilia jioni, kwa maji aliyooshea mchele.

Nami niliiga hayo katika nyumba ya kazi. Nilipokuwa kibarua mahali fulani, mshahara ulichelewa miezi miwili. Mchicha huwa tayari kwa wiki nne hivi, basi mke wangu alichuma, wala hatukukopa mboga dukani.

Ndugu zangu, bustani si badala ya mshahara. Haki yetu tutaidai vile vile. Lakini mwenye mboga mlangoni hakubali masharti mabaya kwa ajili ya njaa ya siku moja. Asiye na shamba na aanze na debe moja.