Mbao ya zamani nayo iko na bei



Kila mufuko wa sima unakuja na moshi wake. Ili kuitengeneza wanachoma jiwe la chokaa: moto unatoa gazi ya kaboni, na jiwe lenyewe linatoa ingine. Ulaya, tangu 2005, viwanda vikubwa vinahesabiwa kila tani ya gazi hiyo. Huku kwetu, bei ya kaboni tunaisikia tu wakati wa kuongelea msitu.

Lakini kisha volkano ya 2002 watu walivunja mawe ya Nyiragongo, wakajenga nayo. Mupaka leo nyumba ikibomolewa, mbao na manjanja vinauzwa tena. Ni umasikini ulitufundisha, ndiyo. Ila kila jiwe lenye kuchukua nafasi ya sima linapunguza moshi, na hakuna mwenye kuihesabia.

Tunadai: sima ilipiwe kodi ya moshi wake. Tunajua bei ya mufuko itapanda. Ndiyo maana ile makuta isipotelee Kinshasa. Irudi kwa kila kartiye: mahali pa kupima na kuuza vifaa vya zamani, na kazi kwa vijana wenye diplome na wenye nyundo.

Tusiombe. Tudai.