Kabla ya CC, Ihesabu Difu

Msikilizaji, mtu akinunua Prado au Land Cruiser, akaiinua kwa springi ndefu na kuivisha matairi makubwa ya kuchapa matope, swali la kwanza analompelekea fundi ni hili: injini ya CC ngapi itaweza kulisukuma gari hili? Ni swali la haki, kwa sababu gari lililokuwa jepesi jana, leo linazembea kwenye kila mlima. Lakini naamini swali hilo limeruka hatua. Anayeanza na CC huishia kununua injini kubwa ili irekebishe kosa ambalo injini haikulifanya. Kosa limefanywa na tairi, na dawa yake ya kwanza iko kwenye difu.

Tuanze na kile ambacho tairi linafanya. Tairi la vipimo 265/65 kwenye rimu ya 17, ambalo ni la kawaida kwa magari haya, lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 285/70 kwenye rimu hiyohiyo, linaloitwa la inchi 33, kipenyo kinafika milimita 831. Ongezeko ni asilimia 7. Sasa kila tairi linapozunguka mara moja, gari linakwenda mbali zaidi, na unachokipata kwa masafa unakilipia kwa nguvu, kama mwendesha baiskeli anayepanda mlima akiwa amekwama kwenye gia ya tambarare. Ukisikia difu ya 4.1, maana yake propela inazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Kwa tairi la inchi 33, difu hiyo inafanya kazi kama ya 3.83. Kwa 315/70, lile la inchi 35, inashuka hadi kama 3.65. Hukugusa gia yoyote, lakini gia zako zote zimekuwa ndefu, kuanzia namba moja hadi ya mwisho. Juu ya hapo, tairi lenyewe ni zito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kuuanzisha na mgumu kuusimamisha. Springi, kwa upande wake, hazibadilishi gia hata kidogo. Tena kwenye gari lenye ekseli nzima nyuma, springi huinua bodi tu. Difu yenyewe huinuliwa na tairi, na kwa mfano wetu wa inchi 33 inapanda milimita 27 tu.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kiwandani. Jeep Wrangler Rubicon kwa kawaida huuzwa na matairi ya inchi 33 na difu ya 4.10. Mwaka 2021 Jeep walitoa toleo la kiwandani lenye matairi ya inchi 35, gari likiwa limeinuliwa inchi moja na nusu. Wahandisi hawakuzuia toleo hilo lisichukue injini ndogo, wala hawakumlazimisha mnunuzi kwenda kwenye V8. Walibadilisha difu ikawa 4.56. Piga hesabu: tairi liliongezeka asilimia 6, lakini difu iliongezwa asilimia 11. Walifidia kipenyo, kisha wakaongeza na cha kufidia uzito. Hivyo ndivyo anavyofikiri mtu ambaye gari likirudi na gearbox iliyoungua, atalitengeneza kwa garantii yake mwenyewe.

Hata ukishaifikia hatua ya injini, lita peke yake ni kipimo kinachodanganya. Injini ya 1HZ, inayosifika katika Land Cruiser za mbugani, ina lita 4.2 na silinda 6, haina tabo, na nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Dizeli ya lita 2.8 yenye tabo, iliyoingia kwenye Prado mwaka 2015, inatoa nyutoni mita 450 kuanzia mizunguko 1,600. Imepungua lita 1.4, lakini inavuta zaidi, tena inaanza kuvuta mapema. Upande mwingine iko petroli ya lita 2.7, yenye CC zinazokaribiana na dizeli hiyo, lakini inatoa takriban nyutoni mita 245, na inazifikia ikiwa karibu na mizunguko 4,000. Kwenye tope au mawe hakuna nafasi ya kuipandisha injini hadi mizunguko 4,000. Kwa hiyo usiulize lita ngapi tu. Uliza inavuta kiasi gani ikiwa kwenye mizunguko 1,500 au 2,000. Na uulize unakwenda wapi, maana injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyopimwa Dar es Salaam ikifika pale imeshaacha njiani zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake, na hapo bado hujalitoza gari deni la tairi.

Najua watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza atasema 1HZ, pamoja na udogo wa takwimu zake, inapendwa kwa sababu pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, na fundi aliye mbali na mji anaitengeneza kwa spana bila kompyuta. Nakubaliana naye kabisa. Anayeingia Katavi au Turkana ana haki ya kuchagua injini ambayo fundi wa pale anaijua. Lakini hoja hiyo inautia nguvu msimamo wangu: kama injini unayoiamini ina msuli wa kiasi, basi ndiyo inayohitaji zaidi difu iliyopangwa vizuri. Wa pili atasema kubadilisha difu ni gharama, kwa kuwa kwenye fowili lazima ya mbele na ya nyuma zilingane. Ni kweli, na zisipolingana utavunja gia. Lakini ulinganishe na gharama ya kubadilisha injini: maunti, rejeta, nyaya, gearbox inayoendana nayo, springi za mbele zitakazobeba uzito mpya, na kadi ya gari yenye namba ya injini isiyokuwa yako tena. Na kama mfuko hauruhusu difu, jibu la kweli ni kupunguza tairi. Wa tatu atasema injini kubwa ni akiba ya nguvu unapolipita lori ukiwa na mzigo. Hilo silipingi. Mwenye uwezo anunue gari lililotoka kiwandani na injini hiyo, kisha naye apige hesabu ya difu kama wengine.

Lakini iko sababu moja inayonifanya niliseme jambo hili hewani badala ya kuwaachia mafundi. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tairi kubwa linalopunguza nguvu ya injini mlimani, linapunguza pia nguvu ya breki: ukikanyaga pedali kwa uzito uleule, tairi linashika barabara kwa nguvu ndogo kuliko zamani, na gari lililoinuliwa lina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi. Mshale wa spidi nao, kama ulisoma sawasawa mwanzo, kwa tairi la inchi 33 ukionyesha 80 unakwenda karibu 86. Na injini iliyokuwa ikilishikilia gari kwenye mteremko sasa inalishikilia kwa gia ndefu, kazi inahamia kwenye breki, na breki zikichemka hazishiki. Injini yenye CC nyingi itakupandisha hadi kileleni kwa furaha, lakini urefu wa gia utabaki palepale. Difu iliyohesabiwa inakusaidia ukipanda, na ukigeuza kushuka, gia namba moja inarudi kuwa fupi na inalishika gari.

Kwa hiyo, msikilizaji, ufuate mpangilio huu: chagua tairi dogo kabisa linalotosha njia yako, hesabu difu, kagua breki, kisha ndipo uulize injini. Ukifika kwenye swali la CC baada ya hapo, huenda ukakuta injini uliyonayo ilikuwa inatosha.