Kabla Sindano Haijachomwa

Msikilizaji, leo tuingie wodi ya wazazi. Mama analetwa akiwa na degedege la kifafa cha mimba. Dawa yake ni magineziamu salfeti, na mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kuwa ameifahamu vizuri kabla ya siku hiyo.

Chupa nyingi huwa na dawa ya asilimia 50, yaani gramu 1 katika mililita 2. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4. Anavuta mililita 8, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata mililita 20 za asilimia 20. Kisha anaichoma taratibu, kwa dakika 5 hadi 20. Hesabu hii ifanywe darasani mara nyingi, kwa kalamu na karatasi, na mwenzake aihakiki. Kuikariri hakutoshi, maana kesho chupa inaweza kuja na nguvu tofauti.

Kabla ya dozi inayofuata, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dawa inasimamishwa na daktari anaitwa. Pumzi zikikatika, mama asaidiwe kupumua na apewe kalsiamu glukoneti, ambayo inatakiwa iwe kando ya kitanda, si stoo.

Wakufunzi, nawaomba sana, mwanafunzi asiachwe peke yake na sindano hii. Nawe ndugu wa mgonjwa, muuguzi akikuuliza tena jina la mgonjwa wako, mjibu. Anahakikisha dawa inamfikia mwenyewe.